Kichupa Kilichoandikwa "Manii ya Binadamu": Mna Nini Ndani Yake?



Swali la juma hili limetoka kwa mama mmoja ambaye binti yake anasoma sayansi ya viumbe katika chuo kikuu. Binti huyo alipelekwa kufanya mafunzo katika maabara, na humo ndani ya friji la barafu akakuta kichupa kidogo kisichozidi urefu wa kidole, kimeandikwa kwamba ndani yake mna protini ya manii ya binadamu. Alipolisimulia jambo hilo nyumbani, baba akataka aache mafunzo hayo mara moja. Mama akasema: tuulize kwanza. Anauliza mambo matatu. Je, hayo ni manii ya mtu? Kama ndiyo, ni ya nani, na aliyatoa kwa njia gani? Na je, binti wa Kiislamu, tena hajaolewa, yuko katika haki akiyashika?

Tunamshukuru mama huyo kwa neno lake "kwanza". Mambo mengi ya nyumba zetu yangalipata ufumbuzi mwepesi lau neno hilo lingalitangulia. Na kwa kuwa swali lake linagusa nasaba, tohara na elimu ya mabinti zetu, tumeona tulipe nafasi pana, kisha tulivushe kidogo hadi kwenye jambo ambalo mama hakuliuliza, lakini ambalo kichupa kile kinalihusu zaidi kuliko yote: lawama ambayo mwanamke hubebeshwa pindi mimba inapochelewa.

Tuanze na kitu ambacho karibu kila ukoo wa pwani unakijua, nacho ni insulini. Yuko bibi au babu katika kila mtaa ambaye hujidunga sindano ya sukari kabla ya chakula. Tangu mwaka 1922, pale dawa hiyo ilipoanza kutumika huko Toronto, Kanada, na kwa muda wa miaka sitini hivi baada ya hapo, insulini ilikuwa ikitolewa katika kongosho la ng'ombe na la nguruwe. Wanavyuoni waliulizwa, wakajibu kwa msingi wa dharura, na wagonjwa wakaitumia huku nyoyo zao zikisononeka. Mwaka 1982 Marekani iliidhinisha insulini ya namna nyingine. Wataalamu walikuwa wameichukua habari ya insulini ya binadamu, yaani lile agizo lililoandikwa ndani ya jeni, wakaliingiza katika bakteria, na bakteria wale wakaifuata amri na kuifanya insulini ya binadamu ndani ya matangi. Hakukatwa nguruwe, wala hakupasuliwa mtu. Chupa huandikwa "insulini ya binadamu", na hakuna binadamu aliyetolewa hata tone.

Njia hiyo ndiyo inayoitwa rikombinanti: agizo la kiumbe kimoja hupandikizwa katika seli ya kiumbe kingine, na seli hiyo hulitekeleza. Chanjo ya homa ya ini aina ya B wanayodungwa watoto wetu wachanga hutengenezwa kwa mtindo huo huo, na kiwanda chake ni hamira, ndugu ya ile tunayoumulia mahamri.

Sasa turudi katika kichupa. Mbegu moja ya kiume ina protini za aina maelfu. Nyingine ni za mkia, nyingine ni za kuleta nguvu, nyingine hukaa kichwani zikingoja kazi. Wataalamu huchagua moja tu kati ya hizo. Herufi za jeni yake zilikwisha kusomwa miaka mingi na zimehifadhiwa katika kumbukumbu ambazo kila mtafiti huweza kuzifungua. Mashine huziandika upya herufi hizo, zikatiwa ndani ya seli zinazokuzwa maabarani, na seli zikaanza kuitoa protini ile katika maji zinamoogelea. Protini hiyo huwa imewekewa alama ndogo mwishoni mwake ili inaswe na chembe za nikeli, mfano wa samaki anavyonaswa na ndoana, na vingine vyote vikaoshwa na kumwagwa. Kinachobaki hukaushwa kikawa unga usioonekana vizuri kwa macho, kikapimwa kwa mikrogramu na kutiwa katika kichupa, kisha kikagandishwa. Juu yake huandikwa kwamba ni kwa ajili ya utafiti tu, haifai kwa tiba.

Basi jibu la swali la kwanza ni kwamba hayo si manii. Hakuna mwanamume aliyetoa maji yake ili kichupa kile kijazwe. Ndani yake hamna mbegu iliyo hai wala iliyokufa, na protini peke yake haibebi urithi wa mtu, kwani urithi hukaa katika DNA. Atakayeuona msumari mmoja katika karakana ya fundi hatasema ameliona jahazi. Swali la pili, la ni ya nani, linaanguka lenyewe: haina mwenyewe, na kwa hivyo hakuna nasaba inayochanganyika wala heshima ya mtu inayovunjwa.

Ama kuhusu tohara, tunamkumbusha baba wa binti jambo analolijua kila aliyepita chuoni kwetu, ya kwamba katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo tunayoyafuata katika mwambao huu, manii ya binadamu yenyewe yahesabiwa kuwa tohara. Wenzetu wa madhehebu ya Hanafi na Maliki wameyahesabu kuwa najisi. Lakini hata mbele ya kauli hiyo, kilichomo kichupani hakikutoka katika mwili wa mwanamume yeyote, na mwanafunzi hukishika akiwa amevaa glavu. Hapana josho wala kosa. Haya ya binti wa Kiislamu ni pambo lake, na hatupendi kuona mtu akimcheka kwa kusita kwake. Hata hivyo, kusita ni jambo moja, na kumkatiza masomo kwa ajili ya jina lililoandikwa ubavuni mwa chupa ni jambo jingine. Shauri letu ni aendelee.

Liko jambo moja tusilolificha, kwa sababu muulizaji ametaka kujua asili, na anayeuliza asili aambiwe asili. Bakteria hawana ustadi wa kuipamba protini kwa sukari zinazoambatana nayo katika mwili wa binadamu. Kwa sababu hiyo protini nyingi za aina hii hutengenezwa katika seli za wanyama wanyonyeshao au za wadudu. Na miongoni mwa seli zinazotumika sana duniani ni zile zilizotokana na figo la kijusi, zilizoanza kukuzwa mjini Leiden, Uholanzi, mwaka 1973, na ambazo zimekuwa zikijigawa maabarani tangu wakati huo. Seli hizo haziwezi kuwa mtu, na hakuna kijusi kipya kinachotafutwa ili kuziendeleza. Mwenye kuona uzito juu ya chanzo hicho ana haki ya kuuliza kichupa chake kilitengenezwa katika seli zipi, kwani watengenezaji huliandika hilo katika karatasi ya maelezo, na za wadudu zipo. Sisi tunaona ni swali la uchaji linalostahili kuulizwa kwa utulivu, bila ya kupiga kelele.

Lakini kwa nini watu wajitaabishe kuitengeneza protini ya manii? Hapa ndipo habari inaponoga.

Kwa miaka mingi wataalamu waliijua safari ya mbegu ya kiume hatua kwa hatua: jinsi inavyoogelea, inavyolitoboa ganda la nje la yai, hata ikafika ukutani pa yai lenyewe. Hatua ya mwisho, ya ukuta na ukuta kugusana na viwili kuwa kimoja, ilikuwa imefunikwa. Mwaka 2005 Naokazu Inoue, Masahito Ikawa, Masaru Okabe na wenzao katika Chuo Kikuu cha Osaka, Japani, walitangaza kwamba wamepata protini iliyo kichwani mwa mbegu ya kiume ambayo bila yake hatua hiyo haifanyiki. Wakaipa jina la Izumo, kwa hekalu la nchini mwao ambalo Wajapani hulihusisha na ndoa. Protini hiyo hukaa imefichwa chini ya kitu mfano wa kofia, na kofia hiyo haivuliwi ila mbegu inapolikaribia yai.

Walithibitisha kwa panya. Waliwazalisha panya madume wasiokuwa na protini ya Izumo. Madume hao walikua wakiwa wazima, wakawapanda majike kama kawaida, na mbegu zao zilipotazamwa kwa darubini zilikuwa na umbo zuri na mwendo mzuri. Zilifika kwenye yai na kupenya ganda lake. Hapo zikakwama. Zilikusanyika kando ya yai, zikitikisa mikia, na hakuna hata moja iliyoungana nalo. Madume wote walikuwa wagumba, na kwa kutazama tu hakuna ambaye angaliweza kuwatambua.

Ikabaki nusu ya pili ya fumbo: ikiwa huo ndio ufunguo, kufuli ni ipi? Ilipita miaka tisa. Katika taasisi ya Sanger, karibu na Cambridge, Uingereza, Enrica Bianchi na Gavin Wright pamoja na wenzao waliitengeneza Izumo kwa njia ile tuliyoieleza, wakawa na Izumo iliyo peke yake, isiyo na mbegu nyuma yake. Waliitumia kama chambo. Mshiko wake ulikuwa hafifu, kwa hiyo waliziunganisha kadhaa pamoja ili zishike kwa nguvu, kisha wakatafuta ni kitu gani cha yai kitakachoshikamana nazo. Wakakipata. Mwaka 2014 walitangaza kwamba ni protini iliyokwisha kujulikana kwa jina jingine, ikidhaniwa kuwa inapokea vitamini ya foleti, kumbe foleti haiipokei kabisa. Wakaiita Juno. Majike ya panya wasiokuwa nayo hawakuzaa, kama vile madume wasiokuwa na Izumo.

Msomaji mwenye sikio la tauhidi atauliza kuhusu majina haya, la hekalu la Japani na la mungu wa kike wa Warumi wa kale. Majina ni yao waliyoyatoa, na kuyataja si kuyaamini. Wengi huusema mwezi wa Juni katika kalenda iliyo ukutani kuwa umetokana na jina lilo hilo, na hakuna aliyeing'oa kalenda.

Liko jingine lililotushangaza kuliko ufunguo na kufuli. Mbegu moja ikishaungana na yai, Juno hubanduka kutoka ukutani pa yai, na katika muda wa dakika arubaini hivi huwa karibu yote imekwisha kuondoka. Mbegu nyingine zinazofika nyuma hukuta mlango hauna tena kufuli la kufungulia. Yai huwa limelindwa lisiingiwe na mbegu ya pili, jambo ambalo lingaliharibu kiumbe tangu saa yake ya kwanza. Hatuna tabia ya kuikimbilia aya kila maabara inapotoa habari, maana habari za maabara hubadilika na maneno ya Mola hayabadiliki. Lakini kusema Subhanallah hakumhitaji mtu asubiri.

Hata habari yenyewe imezidi kufunguka. Mwaka 2024 watafiti walioongozwa kutoka Vienna, Austria, wakisaidiwa na programu ya kompyuta inayobashiri jinsi protini zinavyokumbatiana, walionyesha kwamba Izumo haifanyi kazi peke yake: hushikana na nyingine mbili za mbegu hiyo hiyo, Spaca6 na Tmem81, zikawa kama meno matatu ya ufunguo mmoja. Madume wa panya na wa samaki waliokosa Tmem81 hawakuzaa.

Tunataka msomaji alione jambo moja hapa. Zamani, aliyetaka kujua kama mbegu ya mwanamume ina uwezo wa kuungana na yai alikuwa na njia chache mno. Kuchukua yai la mwanamke na kulichanganya na maji ya mwanamume asiyekuwa mumewe, hata kwa ajili ya kutazama tu, ni mlango ambao sheria yetu imeufunga. Ndipo tangu mwaka 1976 baadhi ya maabara zikatumia mayai ya panya wa aina ya hamsta yaliyovuliwa ganda, kwa kuwa mbegu ya binadamu huweza kushikamana nayo. Protini iliyo kichupani huwawezesha watafiti kuuchunguza mshiko wa ufunguo na kufuli bila ya yai la mwanamke yeyote na bila ya maji ya mwanamume yeyote. Mkutano unasomwa pasipo kukutanishwa watu. Kile alichokiogopa baba wa binti kwa ajili ya nasaba, kwa hakika kinaiepusha nasaba na mengi.

Elimu hiyo hiyo hutazamwa pia na wanaotafuta dawa za kuzuia mimba zisizokuwa za homoni, kwani anayelijua kufuli huweza kulifungua na huweza kulizuia lisifunguke. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988, liliruhusu kupanga uzazi kwa muda, kwa maridhiano ya mume na mke na bila ya madhara, likakataza kukata kizazi moja kwa moja pasipo dharura. Dawa ya namna hiyo ikija, itapimwa kwa mizani hiyo.

Sasa tuingie nyumbani.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba takriban mtu mmoja kati ya sita hupitia tatizo la kukosa mimba katika maisha yake. Katika karibu nusu ya ndoa zenye tatizo hilo, upande wa mume una sehemu yake, ama peke yake ama pamoja na upande wa mke. Tuyaweke hayo mbele ya desturi zetu. Bibi arusi akipita mwaka mmoja bila ya kubeba, wifi huanza kuuliza, mama mkwe hunyamaza kwa namna inayosikika, na jina la tasa hupita chini kwa chini katika kila hafla ya maulidi na arusi. Hunyweshwa makombe, hupelekwa kwa wakandaji, hupimwa damu na hupigwa picha za kizazi. Mwisho wa yote huletewa mke mwenza au hupewa talaka. Na yule mume, katika muda wote huo, hajatoa hata kipimo kimoja, kwa sababu ni mtu mzima mwenye nguvu zake, tena haki za ndoa anazitimiza.

Panya wa Osaka walikuwa wazima wenye nguvu zao, na haki za majike wakizitimiza.

Tusieleweke vibaya: kukosa Izumo kwa binadamu si sababu iliyozoeleka ya utasa, na hatusemi kila mume aliyechelewa ana tatizo hilo. Sababu zilizo nyingi ni za kawaida zaidi, kama uchache wa mbegu, udhaifu wa mwendo wake, mishipa iliyovimba, maradhi yaliyopita bila ya kutibiwa. Tunalolisema ni kwamba nguvu za mwili si ushahidi wa uzazi, na kwamba hata kipimo cha manii chenye majibu mazuri hakimalizi maneno, kwa kuwa darubini huhesabu mbegu na kutazama mwendo wake, wala haioni kama ufunguo una meno. Ikiwa mume amepimwa akaonekana salama, na mke amepimwa akaonekana salama, na mimba haiji, basi hakuna wa kulaumiwa. Talaka inayotolewa hapo kwa kisingizio cha utasa haina ushahidi wowote nyuma yake.

Katika majaribio yale yale ya mwaka 2005, mbegu za madume wasiokuwa na Izumo zilipodungwa kwa sindano nyembamba moja kwa moja ndani ya yai, watoto wa panya walizaliwa. Njia ya sindano hiyo ilikuwa imekwisha kuleta watoto wa binadamu mjini Brussels tangu mwaka 1992, na leo inatumika hata katika miji ya Afrika Mashariki. Kuhusu hukumu yake, Sheikh Jad al-Haqq wa Misri alitoa fatwa mwaka 1980 juu ya upandikizaji wa mimba nje ya mwili, na Baraza la Fiqhi tulilolitaja likatoa azimio lake mjini Amman mwaka 1986: inafaa pale yai likiwa la mke, mbegu ikiwa ya mume, kizazi kikiwa cha mke huyo huyo, na ndoa ikiwa ingalipo. Akiingia mtu wa tatu, kwa mbegu, kwa yai au kwa tumbo la kukodi, haifai. Wenye kuendea tiba hiyo wahakikishe vyombo vyao vimeandikwa majina mbele yao, na wasione haya kuuliza mara ya pili.

Kabla ya kufika huko mbali, kiko kipimo cha mwanzo. Mume hujizuia kwa muda wa siku mbili hadi saba, kisha hutoa maji yake katika chombo safi kilichotolewa na maabara. Wapo wanaume wanaokikwepa kipimo hiki kwa hoja ya dini, wakisema kujitoa manii kwa mkono ni haramu. Waambiwe kwamba mkono wa mkewe ni halali kwake, na kwamba maabara nyingi huruhusu chombo kitoke nyumbani maadamu kitafika ndani ya saa moja, kikiwa na joto la mwili. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 umeweka kiwango cha chini cha kulinganishia kuwa mbegu milioni 16 katika mililita moja. Aliye chini ya hapo si lazima awe mgumba, na aliye juu yake si lazima awe mzazi, ndiyo maana majibu husomwa na daktari, na kipimo hurudiwa. Hakina kisu, hakina dawa ya usingizi, na gharama yake ni ndogo kuliko picha moja ya kizazi aliyopigwa mke. Kinafaa kufanywa katika juma lile lile ambalo mke anaanza kupimwa.